Kusoma Biblia na kuendelea kuisoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia kwa watu wengi wanaotaka kusoma Biblia lakini hawafiki mbali. Karibu wote huanza kwa kuomba radhi, kama mtu aliyefumaniwa. Hawana haja. Kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe nilianza Mwanzo sura ya 1 kila Januari, ndiyo maana sura hiyo naijua kuliko zote. Siku hizo nilidhani tatizo langu ni uvivu. Siku hizi naona kwamba nilikuwa nasoma bila hamu ya kujua kinachofuata, na asiye na hamu huchoka hata akiwa na ratiba nzuri namna gani. Majibu mengi ya hapa chini yanatoka hapo.

Nianzie wapi? Si Mwanzo ndiyo mwanzo?

Si lazima. Biblia ni maktaba: vitabu 66 katika Biblia ya Waprotestanti, 73 katika ile ya Wakatoliki yenye Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na wenzao. Na hiyo maktaba imepangwa zaidi kwa aina ya vitabu kuliko kwa tarehe: sheria, historia, mashairi, manabii, Injili, barua. Hakuna anayeingia maktaba akaanza na kitabu cha kwanza kwenye rafu ya kushoto.

Anayeanza, au anayeanza tena baada ya kukwama, mimi humpeleka kwa Marko. Ni Injili fupi kuliko zote, sura 16 tu, nayo inakwenda mbio. Chukua penseli, soma sura ya kwanza, na kila unapokuta neno "mara" lipigie mstari. Mara wavuvi wanaacha nyavu, mara wanaingia katika sinagogi, mara ukoma unamtoka mtu. Ukifika mwisho wa sura utajikuta unahema pamoja na wanafunzi.

Baada ya Marko, nenda Ruthu, sura 4. Kisha Mwanzo kuanzia sura ya 12, maana kuanzia hapo ni habari za familia moja yenye ugomvi, ujanja na machozi, na mtu yeyote mwenye ndugu ataielewa. Halafu Matendo ya Mitume. Ukimaliza hivyo vinne utakuwa umeshajijua wewe ni msomaji wa aina gani, na cha tano utakichagua mwenyewe.

Kwa siku nisome kiasi gani?

Tuanze na hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189: Agano la Kale 929, Agano Jipya 260. Kumaliza yote kwa mwaka ni sura tatu na kidogo kila siku. Agano Jipya peke yake ni rahisi zaidi: sura 5 kwa wiki, wiki 52, unamaliza, na kila wiki umebaki na siku mbili za kupumzika.

Lakini sura ni kipimo kibovu. Zaburi ya 117 ina aya 2. Zaburi ya 119 ina aya 176. Tena walioandika Biblia hawakuandika kwa sura. Mgawanyo huu wa sura unahusishwa na Stephen Langton, mwanazuoni Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya tunazotumia zilitoka kwa mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Walifanya kazi ya maana sana, la sivyo tungekuwa tunatafutana kurasa mpaka leo, ila pengine kisu kilipita mahali pabaya. Isaya 53, ile habari ya mtumishi anayeteseka, kwa kweli inaanzia Isaya 52:13. Ukiikata kwa sura unaingia katika shairi likiwa limeshaanza.

Kwa hiyo pima kwa kisa. Soma mpaka kisa kimoja kiishe, au, na hii ndiyo napendelea, uache mahali panapokuvuta. Chukua Esta. Mwishoni mwa sura ya 5 Hamani anaagiza mti wa kumtundikia adui yake Mordekai ufanywe, mikono hamsini kwenda juu, ili asubuhi akamwombe mfalme ruhusa. Sura ya 6 inafunguka: usiku ule mfalme hakupata usingizi. Funga kitabu hapo, halafu tuone kama kesho utasahau kusoma.

Ratiba za mwaka mzima zinafaa?

Zinafaa kwa mtu ambaye ameshazunguka ndani ya Biblia kidogo na anajua milima iko wapi. Kwa anayeanza, mara nyingi ni mbio za sakafuni.

Ratiba mojawapo maarufu ni ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliyewatengenezea waumini wake mwaka 1842. Inakupitisha Agano la Kale mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili, kwa takriban sura nne kila siku. Watu wanaitumia mpaka leo. Kinachonifurahisha ni kwamba M'Cheyne mwenyewe, kabla ya kusifia faida za ratiba yake, alitangulia kutaja hatari zake: kusoma kwa mazoea matupu, kujiona mwenye haki kwa sababu umemaliza sehemu yako, kusoma haraka bila kujali, na kujitwika nira isiyobebeka. Mwenye ratiba ameshakuonya, usimlaumu baadaye.

Kila mwaka nakwama Mambo ya Walawi. Nina kasoro gani?

Huna kasoro, una kalenda. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40. Anayeanza tarehe 1 Januari kwa sura tatu kwa siku anamaliza hizo 90 tarehe 30, anaingia Walawi ile ari ya mwaka mpya ikiwa imeanza kupoa. Na Walawi inampokea kwa sura saba mfululizo za dhabihu: mafuta ya figo, damu kando ya madhabahu, unga na ubani. Baada ya bahari kugawanyika na ndama ya dhahabu, huo ni mshtuko.

Unaweza kuiruka, ukarudi baadaye. Nitakuambia ni nini kilinirudisha mimi. Nilikuwa nasoma Ruthu, sura ya 2, pale Ruthu anapookota masuke nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi. Nikajiuliza: huyu mgeni, mjane, anaingiaje shamba la mtu mchana kweupe bila kufukuzwa? Pembeni mwa ukurasa palikuwa na marejeo madogo: Law 19:9. Nikafungua. Sheria inawaambia wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wala wasikusanye masazo, wayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Yaani chakula cha Ruthu na mkwewe Naomi kilikuwa kimeandikwa Walawi. Sura ile ile, aya ya 18, ndiyo yenye amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, ambayo wengi hudhani Yesu ndiye wa kwanza kuisema. Tangu siku hiyo Walawi naisoma kama mtu anayetafuta kitu, na naisoma polepole, kipande kwa kipande, sambamba na kitabu kingine chenye kisa.

Nimekosa siku kumi na mbili. Nirudi nyuma nizifidie?

Usifidie. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote katika ukurasa huu.

Siku ulizoruka si deni. Ukizigeuza deni, kesho utadaiwa sura 39, utasoma tano, utachoka, na keshokutwa deni bado litakuwa sura 37. Mtu anayedaiwa humkwepa mdai wake, na hapa mdai ni kitabu kilichopo kando ya kitanda chako. Nimeona watu wakiihamisha Biblia kutoka chumbani wasiione.

Fungua pale ulipoachia, au ruka mpaka sehemu ya leo, uendelee. Kama ratiba yako ina tarehe na tarehe hizo zinakunyong'onyeza, zifute. Namba za sura zinatosha kukuonyesha ulipo. Na kama programu ya simu inakuhesabia siku mfululizo na leo imerudi sifuri, hiyo sifuri ni ya programu. Ulichosoma hakijafutika.

Itachukua muda gani mpaka iwe mazoea?

Ile kauli kwamba zoea hujengwa kwa siku 21 huenda umeisikia. Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajaribu kujenga zoea jipya la kula, kunywa au kufanya mazoezi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Muda wa kati hadi tendo lijiendeshe lenyewe ulikuwa siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno: makadirio yalianzia siku 18 kwa mtu mmoja hadi siku 254 kwa mwingine. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. (Siku 66, vitabu 66. Tusijenge mafundisho juu ya hilo.)

Washiriki wale walilifunga tendo jipya na jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Kwa hiyo usiseme "nitasoma nikipata nafasi". Sema "nikishapiga mswaki nakaa kwenye kiti kile". Kitabu kiwe kimeshawekwa kwenye kiti kile, kikiwa na alama mahali ulipoachia.

Asubuhi au usiku?

Wakati ambao kichwa chako kiko macho. Kama kila usiku unasinzia aya ya sita, Mungu hajakasirika, umechoka tu. Hamia mchana.

Nitumie tafsiri gani?

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamelelewa na Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952. Ina uzuri wake, na ndiyo iliyokaa vichwani mwetu: tukikariri, tunakariri hiyo. Lakini Kiswahili chake si kile tunachozungumza leo, na mtu anaweza kudhani haelewi Biblia kumbe haelewi neno moja tu.

Tazama Marko 4:38, dhoruba ikiwa imechacha. Union Version inasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Ni wangapi kati yetu tunajua shetri? Ni sehemu ya nyuma ya chombo, neno la mabaharia. Na huo "mto" si wa maji, ni wa kulalia. Niliwahi kusoma aya hii na kijana mmoja aliyekuwa ameshangaa miaka yote: tunaambiwa wako baharini, mto umetoka wapi? Baada ya kuelewa, akacheka, halafu akanyamaza. Akasema, "Kwa hiyo alijitafutia kabisa mto, akalala." Ndiyo. Na ni Marko peke yake anayeutaja huo mto. Mathayo na Luka wanasema alilala, basi. Kitu kidogo namna hiyo ndicho kinachofanya chombo kizima kionekane.

Kwa hiyo ushauri wangu ni tafsiri mbili. Moja nyepesi, kama Biblia Habari Njema, ya kusomea kisa kizima kwa mkupuo. Nyingine ni ile uliyoizoea, ya kurudia aya zilizokugusa. Pale zinapotofautiana sana, simama. Mara nyingi hapo chini yake kuna neno gumu la Kiebrania au Kigiriki, na tanbihi itakusaidia.

Simu au kitabu cha karatasi?

Vyote vinasomeka. Simu ina tafsiri nyingi, inatafuta neno kwa sekunde, na iko mfukoni. Pia ina ujumbe wa watu thelathini. Mimi husoma kwenye karatasi na kutafuta kwenye simu. Kama huna kingine ila simu, zima data kwanza.

Nasoma vizuri, lakini nikifunga sikumbuki hata jambo moja.

Jaribu kusoma kwa sauti. Zaburi ya 1 inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kutafakari" lina maana ya kunong'ona, kutamka chini chini. Katika Isaya 31:4 linatumika kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake. Kinywani! Na katika Matendo 8 Filipo alijuaje kwamba yule towashi Mwethiopia anasoma Isaya? Alimsikia. Mtu alikuwa garini, anasoma kwa sauti.

Ukishamaliza, funga kitabu na ujisimulie ulichosoma kama unamweleza mtu ambaye hakuwepo. Utakwama mahali. Hapo ulipokwama ndipo pa kurudia.

Daftari nalo linasaidia, ila lisiwe mtihani. Zamani niliandika kurasa mbili kila siku, nikaacha kusoma kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuandika. Sasa naandika sentensi moja, na mara nyingi ni swali. "Kwa nini Marko anataja mto?" Maswali ndiyo yanayonirudisha kesho yake.

Kusikiliza Biblia iliyorekodiwa kunahesabika?

Kunahesabika. Barua za Paulo zilisomwa mbele ya kanisa, wengi wakizipokea kwa masikio. Wakolosai 4:16 inaagiza hivyo waziwazi. Na Ufunuo 1:3 unawabariki wote, asomaye na wanaosikia. Kwa vitabu vya historia na kwa Injili mimi ningependelea hata kusikiliza kwanza. Kwa Warumi, hapana. Paulo anapoanza kupanga hoja unahitaji kurudi nyuma kwa macho.

Majina marefu niyafanyeje?

Yapite kwa kasi, ila yaangalie kama mtu anayepita mbele ya picha za ukoo ukutani. Mathayo 1 ni baba, baba, baba, kisha ghafla anatokea Tamari. Kisha Rahabu. Kisha Ruthu. Kisha "mke wa Uria", ambaye hata jina hakutajiwa. Kila mmoja wao ana kisa, na wengine visa vyao si vya kusimulia mbele ya wageni. Mathayo angeweza kuwaacha.

Nikifika sehemu za ukatili, niendeleeje?

Pole. Waamuzi 19, kwa mfano, ni sura ya kutisha, na ukiisoma bila kuumia ningekuwa na wasiwasi na wewe. Kumbuka kwamba Biblia kusimulia jambo si kuliidhinisha. Mwandishi wa Waamuzi anafunga kitabu kwa kusema kwamba siku zile hapakuwa na mfalme na kila mtu alifanya alichokiona chema machoni pake, na hiyo ndiyo hukumu yake juu ya yote uliyosoma. Hilo halimalizi maswali yote. Amri za vita katika Yoshua bado zinanisumbua, na sijaona haja ya kujifanya hazinisumbui. Ziandike, umpelekee mtu aliyesoma kuliko wewe. Towashi alipoulizwa kama yamemwelea anayoyasoma, alijibu: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?"

Nasoma lakini moyo umekauka, sihisi chochote.

Punguza. Usome Zaburi moja tu kwa siku, kwa sauti, wala usijilazimishe kuhisi. Na usichague zile za furaha peke yake. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila ule mgeuko wa "lakini nitakusifu" ambao tumezoea kuutarajia. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo, ikae katikati ya nyimbo 150.

Ukavu ukiwa wa muda mrefu na umegusa hata usingizi, kula na kazi, zungumza na mtu anayekujua, na umwone mtaalamu wa afya. Huo hautibiwi kwa ratiba ya kusoma.

Nawezaje kusoma na watoto, au na mwenzangu?

Yona. Sura 4, aya 48, na mnaweza kukisoma chote kwa kikao kimoja, kila mmoja akichukua sauti: mmoja Yona, mmoja nahodha, mmoja Mungu. Kinaishia kwa swali, na swali lenyewe linataja mifugo ya Ninawi. Msilijibu haraka. Waache watoto walijibu wao.

Na mwenzako, msifungane kwa idadi. Someni kitabu kimoja, kila mtu kwa mwendo wake, halafu mara moja kwa wiki ulizaneni swali moja: kuna nini kilichokushangaza?

Nikiimaliza yote, nifanye nini?

Anza tena. Mara ya kwanza unafuata kisa. Mara ya pili unaanza kuona vitu. Nilikuwa nimeshasoma Mwanzo sijui mara ngapi ndipo nikawaona mbuzi. Katika sura ya 27 Yakobo anamdanganya baba yake, kipofu, kwa vazi la kaka yake na ngozi za wana-mbuzi mikononi. Katika sura ya 37 Yakobo amezeeka, na wanawe wanamdanganya yeye: wanachinja mwana-mbuzi, wanachovya kanzu ya Yusufu katika damu, wanamletea aitambue. Vazi la ndugu na mbuzi, tena vile vile. Mwandishi hasemi neno.

Kuna mbuzi mwingine sura inayofuata. Huyo mtafute mwenyewe.